Nimepata Nane kwa Mia, na Vidonge Nimevificha Kwenye Kopo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na usinicheke, maana nimefika mahali ambapo nikisema nitavunja nyumba na nikinyamaza labda nitakufa.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, sasa tunaishi mtaa wa Lower West Side hapa Buffalo, Marekani. Mwezi wa pili nilipasuliwa titi wakatoa uvimbe wa saratani, daktari akasema haujafika kwenye tezi za kwapani, nikamshukuru Mungu, akasema kipande cha uvimbe kimetumwa maabara wakasome jeni zake, tungoje namba ndipo tujue kama nitawekewa kemo, ile dawa ya dripu. Namba ilipokuja tulikuwa na mkalimani wa kwenye simu, sauti inakatika, nilichoshika ni kwamba nimepata nane, na hesabu yao inafika mia. Mshauri, nimesoma hadi darasa la saba, nane kwa mia naijua, binti yangu akileta hiyo nyumbani siku hiyo hatuli kwa amani. Kisha daktari akatabasamu, akasema kemo hakuna, niende nikameze kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano.

Nilitoka pale nikijua wameniacha nife. Kule kambini mtu mwenye matumaini alitundikiwa dripu, waliyemkatia tamaa alipewa vidonge akalale kwake, mama yangu alifungiwa vyake kwenye karatasi ya daftari na hakumaliza wiki. Na dada yangu Kostansia aliye Columbus alipougua titi mwaka juzi alipigwa kemo hadi nywele zikaisha, leo ni mzima, anatunza wazee mtaa wa Clintonville hukohuko, nilipompigia akasema, "Mdogo wangu, mbona wewe wamekunyima? Wameona bima yako ni ya serikali. Usikubali!"

Basi nikafanya jambo. Mume wangu Revokatus akirudi asubuhi kutoka kazi ya usiku ghalani ananiletea kidonge na kikombe cha maji, anasimama palepale, anaomba, nami nameza maji tu, kidonge kinabaki chini ya ulimi, akienda kuoga nakitema kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Vimefika thelathini na vinne. Niliwaza ugonjwa ukirudi kidogo watanihurumia waniwekee dripu kama dada. Alhamisi ijayo narudi kwa daktari, ataniuliza kama nameza, na Revokatus atajibu kwa furaha kwamba ndiyo, kila siku. Nifanye nini?

Anayetema, Buffalo

Mdogo wangu Anayetema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nikatamani kukuchapa. Pole sana kwa mama yako. Mtu aliyeona vile vidonge kwenye karatasi ya daftari hawezi kuletewa kidonge akafurahi, na sikulaumu kwa hofu hiyo. Bon, sasa nakugombeza.

Nane yako si ya mtihani wa shule. Nimekuwa mkalimani wa hospitali hapa Louisville miaka sita, na wewe si mama wa kwanza kuililia namba ndogo. Inapima hatari ya saratani kurudi. Katika mtihani huu, wa mkiani ndiye aliyeshinda!

Sikiliza. Kila seli ya mwili ina jeni zote, kama kila mwanakwaya wa kanisani kwenu alivyo na kitabu kizima cha nyimbo. Maabara ilitaka kujua ni nyimbo zipi zinaimbwa sasa, na kwa sauti gani. Katika uvimbe wako jeni za kuzaliana haraka na kusambaa zimekutwa kama zimenyamaza, na zile zinazoitikia homoni ndizo zinazoimba, na kidonge chako kazi yake ni kuinyima saratani hiyo homoni. Kisha wakakulinganisha na akina mama wengi waliopimwa kabla yako na kufuatiliwa kwa miaka. Wenye namba kama yako ugonjwa uliwarudia wachache mno, hata bila kemo. Huo si unabii, ni ushahidi wa waliotangulia. Ila wale walikuwa wanameza. Nane ni ya mtu anayemeza, mdogo wangu. Anayetema hana nane.

Dada yako anakupenda, lakini kukupenda si kuusoma uvimbe wako. Wake ulikuwa na tabia yake, ukapewa dawa yake. Hilo la bima si la kijinga, kwetu tumenyimwa mengi. Muulize daktari usoni, mwombe karatasi ya majibu, na ukitaka daktari mwingine aisome ni haki yako. Na Alhamisi udai mkalimani wa kukaa nanyi chumbani, usikubali tena ile simu inayokatika.

Leo hii, usingoje Alhamisi, mpigie nesi umwambie ukweli: siku thelathini na nne. Hutakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Vya kwenye kopo usivimeze, wala usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Yeye atakuambia uanzeje.

Umebaki na Revokatus. Mficha uchi hazai, na wewe umemficha mtu ambaye kila asubuhi anatoka kazini amechoka na bado anasimama kukuombea uishi. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki. Kesho akikuletea kikombe, wewe mpe kwanza lile kopo, umweleze habari za mama yako kama ulivyonieleza mimi. Akimaliza hasira, meza kile alicholeta, kama nesi alivyokuelekeza. Kisha fungua mdomo, inua ulimi, aone.

Wako,
Shangazi Margareta