Kadodi ya Msibani

Jumamosi, 10 Mei 2025. Mbale

Kipindi cha leo kilikuwa moto! Saa nzima hewani, santuri moja tu: Radi ya Wanale, bendi ya Jinja Sparks, 1977. Fanki na roki ya hapa hapa kwetu.

Nimewapa haki yao. Besi tamu. Gitaa linakwaruza vizuri, unataka kusimama. Betty anaimba kwa sauti nzito ya mtu mzima, Kiswahili chake cha kambi za jeshi lakini kinaingia moyoni. Halafu kasoro — dramu. Wimbo wa tatu wamechukua kadodi, ngoma ya tohara ya Wagisu, wakaitia umeme. Wazo zuri mno! Ila mpiga dramu anaburuta. Nikasema: hii si kadodi ya kumpeleka kijana kwenye kisu, hii ni kadodi ya msibani. Jalada linasema anaitwa Geresom, askari magereza. Nikaongeza: labda alipiga huku anawahesabu wafungwa.

Simu zikamiminika. Watu walicheka hoi.

Nuriat, mke wangu, hakucheka. Aliuliza kama huyo mtu yu hai. Nikamwambia santuri ina karibu miaka hamsini. Akasema hilo si jibu.

Jumanne, 13 Mei

Yu hai.

Amepiga simu binti yake, Racheal, kutoka Wanyange, karibu na Jinja. Kumbe kipindi kilirekodiwa, kikazunguka WhatsApp mpaka kikawafikia. Nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana! Anasema baba yake alisikiliza mara tatu, kisha akasema mtangazaji amesema kweli. Nakala yake ya santuri ilipotea wakati wa vita vya 1979, hajaisikia tangu ujana. Jumapili kaenda kanisani, ambako amepiga ngoma tangu astaafu, akawaambia watafute mtu mwingine. Fimbo za dramu amezigawa.

Racheal hakuniambia nifute maneno. Aliuliza tu: kweli ilikuwa mbaya hivyo?

Nikajibu, "Kidogo, ndiyo." Kwa sauti ya redio. Mtaalamu!

Alhamisi, 15 Mei

Sijui niandike vipi.

Bruhan, fundi wetu wa mitambo, alikuja kuangalia spika. Akainua sahani ya mashine yangu ya santuri, akacheka mpaka akakaa chini. Mkanda wake ulikatika mwaka jana. Mimi nikakata ukanda wa tyubu ya baiskeli — ule ule ambao watu hufungia mitungi ya maji — nikauvalisha. Ilizunguka, nikaridhika. Bruhan akabandika karatasi pembeni mwa sahani, akahesabu kwa saa. Kwa dakika inatakiwa mizunguko thelathini na tatu. Yangu: ishirini na tisa. Tyubu imelegea, inateleza, na muziki wote ulitoka polepole na mzito.

Akaweka mkanda halisi. Tukapiga wimbo wa tatu.

Ya Rabi! Kadodi yenyewe! Bruhan, Mgisu wa mlimani Wanale, mabega yalianza kumtikisika bila ruhusa yake. Geresom haburuti. Ndiye anayewasukuma wenzake wote. Na Betty nzito, mtu mzima? Msichana mwembamba, sauti kama filimbi. Hata sifa zangu zilikuwa uongo. Kasoro za kweli zipo: tarumbeta zinapotea kidogo upande wa pili, wimbo wa mwisho ni mrefu bure. Lakini nani atanisikiliza tena nikisema?

Nimeshika simu mara tatu nimpigie Racheal. Nuriat akaniambia: umemtukana mzee mbele ya mji mzima, utamwomba radhi sikioni?

Jumamosi, 17 Mei

Niliandika maneno ya kuomba radhi, ukurasa mzima. Karatasi ilikuwa mezani, maikrofoni wazi. Nikapiga nyimbo za harusi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mwoga. Naona haya hata kukaa mezani na mke wangu. Amenipakulia, hajaniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 18 Mei. Wanyange

Nimekuja. Basi la alfajiri, mashine na santuri mapajani, mkanda mpya. Nilimwambia Racheal tu kwamba nataka kumwamkia mzee.

Nimekuta viti vimepangwa uani, watu wa kanisa wamejaa. Nikajua nahukumiwa. Nilitamani wangenihukumu! Mzee Geresom akasimama, mrefu, shati limepigwa pasi. Mbele yake kaketi mama mmoja mwenye fimbo ya kutembelea — Betty mwenyewe, kaitwa kutoka Jinja mjini. Akasema, nayaandika yalivyo:

"Huyu bwana ametoka Mbale. Yeye nasema ukweli, na ukweli iko chungu. Miaka yote mimi nafikiri watu alikataa santuri yetu juu ya vita. Kumbe ni mimi naharibu. Betty, mbele ya watu, mimi naomba wewe samahani."

Mama Betty akalia. Akamshika mkono. "Geresom, mimi nasamehe wewe. Mimi nasamehe yote."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema amina. Na mimi, ninayelipwa kusema, nikapiga makofi nao.

Kisha mzee akanigeukia. "Weka, bwana. Onyesha watu mahali mimi nakosa."

Nikasema mashine lazima ipumzike kwanza kwa sababu ya safari. Uongo mwingine! Niko nyuma ya nyumba, daftari gotini. Umeme upo. Santuri ishawekwa. Nikiipiga, atasikia mwenyewe kuwa hakukosea, na Betty atasikia kuwa amesamehe kosa lisilokuwepo. Nikisema kwanza — nianze na neno gani?

Racheal amekuja kuniita. Anasema Daddy anaomba nisipige wimbo mzima. Mahali pa kosa tu panatosha, ili Mama Betty asiaibike zaidi.

Nimemwambia nakuja. Bado nimekaa.