Spado, na Tangazo la Tatu la Ndoa Yangu

Jumamosi. Mvua imenyesha hapa kisiwani Kilindoni tangu alfajiri.

Kesho kanisani litasomwa tangazo la tatu la ndoa yangu na Neema. Padri atauliza tena kama kuna anayejua kizuizi. Jumapili mbili zilizopita niliinamisha kichwa.

Anayejua ni mimi.

Katika ukurasa huu sina jina, na Neema si jina lake, basi niandike. Nikiwa kidato cha pili seminarini niliugua matumbwitumbwi, yakashuka hadi korodani. Mwaka jana nilipimwa bara, kwa siri. Daktari aliniambia nitakuwa mume kama wanaume wengine, ila mbegu hakuna na hazitakuja.

Tangu siku hiyo neno moja la Kilatini halinitoki kichwani: spado. Kamusi hulitafsiri towashi, nami kila nikisoma towashi naona kisu na jumba la mfalme. Lakini mwalimu wetu alitufundisha kwamba Warumi walilitumia kwa upana. Aliyezaliwa hivyo, aliyeharibiwa na ajali au ugonjwa, aliyekatwa, wote waliitwa spado. Aliyekatwa alikuwa pia na jina lake, castratus, na huyo sheria ilimnyima ndoa. Wale wengine waliruhusiwa kuoa.

Darasani tulicheka. Sasa nimejificha ndani ya sheria ya watu waliokufa zamani, najiambia naruhusiwa, naruhusiwa.

Mwalimu hakutuambia kama wake zao walikuwa wanajua.

Jana ofisini nilimwamkia Bi Mwanaidi, mkuu wetu wa masijala. Akaitikia kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Marahaba, bwana harusi! Mwakani nataka mjukuu wa kumbeba. Usiniletee uvivu wa watu wa bara!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikagonga barua tatu mihuri kichwa chini.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Padri, nikamwomba fomu yangu ya ndoa. Panapouliza kama kuna jambo la afya ambalo mchumba halijui, nilikuwa nimeandika "Hakuna," kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikafanya tunavyofanya ofisini mtu akikosea: mstari mmoja juu ya neno, kosa lenyewe liendelee kusomeka, na sahihi pembeni. Nikaandika "Lipo." Kisha nikamweleza yote.

Akavua miwani. "Kutozaa hakuzuii ndoa, mwanangu. Kumficha mwenzako ndiko kunakoiharibu. Anajua?"

"Bado, Padri."

"Basi kesho sisomi, mpaka aje mwenyewe aniambie nisome."

Nimebanwa. Lisiposomwa, watu wakitoka tu kanisani kila mmoja atauliza kwa nini. Na kisiwa hiki hakina pa kujificha. Hata nikienda kijiji cha Kiegeani nitakuta anayenijua.

Neema anafundisha Baleni. Nimempigia simu sasa hivi.

"Upo nyumbani?"

"Nipo, nakaanga mihogo. Mbona sauti hiyo?"

"Nakuja."

"Njoo basi, ila mvua hii utalowa, shauri yako."

Nimeshavaa koti. Kilatini nakiacha hapa mezani. Nitamwambia kwa Kiswahili, yote, halafu ninyamaze nimsikilize.

Sijui kama nitaila mihogo hiyo.