Mume Wangu Alipoigiza Mke

Dada yangu mpenzi,

Hatujambo. Watoto wazima, hata cherehani yangu imepona kikohozi.

Shemeji yako amejiunga na kikundi cha wanaume cha kuzuia ukatili majumbani. Nilitamani sana kujua wanaongea nini, hivyo jana walipotualika wake zao, nikaenda. Wakaigiza, naye akapewa nafasi ya mke. Akajikunyata nyuma ya mlango, akisikiliza hatua za mumewe. Watu walicheka. Mimi nilijiona. Nani alimfundisha?

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Ndivyo unavyonisubiri, siyo?"

"Ndivyo."

Akainama. "Utaacha lini kuniogopa?"

"Sijui, baba watoto. Hata mimi natamani kujua."

Kile chumba ulichoniandalia, dada, usimpe mtu kwanza.

Mdogo wako akupendaye