Kaari Asiyeogopa Watu

Kituoni, 6 Februari 1983

Baba mpendwa,

Hujambo? Miguu inaendeleaje, na kahawa imechanua? Sisi huku tu wazima, ila jua linatuchoma.

Nakuandikia habari za Kaari, yule chui uliyemlea kwa chupa kabla hujastaafu. Amekomaa kweli! Kwenye ua mkubwa anajikamatia kanga mwenyewe, na shirika limepanga kumwachilia porini Julai. Lakini juzi akina mama waliotoka kuokota kuni walipita nje wakipiga gumzo kwa Kimeru. Kaari akawakimbilia, akajilaza chali kwenye waya, akingoja kukunwa tumbo. Walitupa kuni wakatoroka.

Mkubwa wetu aliwaka. Sheria ni kunyamaza mbele ya mnyama, sasa ni nani aliyemzungumzisha? Mimi nilitazama chini. Anasema Kaari asipoogopa watu atapelekwa ng'ambo, akae kizimbani mpaka afe. Baba, ulikuwa unamwambia nini?

Ni mimi mwanao,
Makandi

Kanyakine, 20 Februari 1983

Makandi mwanangu,

Salamu nyingi. Miguu ni ile ile ya mzee, usiulize. Kahawa imechanua vizuri.

Kosa ni langu. Tulikuwa tumetoka kumzika mama yako, wewe uko chuoni, nami nashinda na kale katoto ka chui ndani ya sweta. Ningenyamaza vipi? Nilimwambia kila kitu: mvua, ng'ombe wa jirani yetu Njoka aliyekula mahindi yetu, jinsi mama yako alivyonicheka nikipika uji wenye madonge. Nikisema "Uka aja, mwari," njoo hapa binti, alikuja mbio akalala juu ya viatu vyangu. Ile miaka miwili ilikuwa mizuri, sitadanganya.

Mfundisheni nyinyi kuogopa. Mna vijana wenye sauti. Mimi hiyo kazi siiwezi.

Baba yako,
Muthamia

Kituoni, 11 Mei 1983

Baba,

Habari za mvua? Huku mto umejaa.

Tumejaribu yote. Tumepiga madebe. Nthiga, mmoja wa vijana wetu, amemrushia mawe akimtukana kwa Kiswahili. Kaari anasogea kando tu, kisha akimsikia mpishi akiongea Kimeru, huyo, anarudi wayani. Anakutafuta wewe.

Sanduku la kumsafirishia limeshaundwa, na tumepewa mwezi mmoja tu. Tukimwachilia hivi alivyo, atamfuata mtu wa kwanza atakayemsikia akisalimu "muuga", adhani ni wewe, na watamchoma mikuki. Najua ninachokuomba ni kibaya. Njoo umfukuze.

Wako,
Makandi

Kanyakine, 19 Juni 1983

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Sikutaka Nthiga anione nikilia, yule ana mdomo.

Ulikataa kutazama, na ulifanya vyema. Siku ya kwanza nilimwita, akaja mbio, nikampiga jiwe la ubavu. Alilinusa, Makandi! Alidhani tunacheza. Siku ya pili nikamwita kwa upole ule ule, kisha fimbo. Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana hata mwizi. Siku ya nne nikasema "Uka aja, mwari," akalaza masikio, akaningurumia, akaingia kichakani. Nikamwita tena mara tatu. Hakutoka. Ndicho nilichoendea huko, na bado nilitamani atoke.

Niandikie akishaachiliwa.

Baba yako

Kituoni, 2 Novemba 1983

Baba mpendwa,

Natumai unalala vizuri siku hizi. Mimi ni mzima.

Kaari ametimiza miezi mitatu porini. Nyaga, anayefuata nyayo zake, ameleta habari jana. Wachungaji wawili wa mbuzi walimkuta mtoni, nje kidogo ya mbuga, akinywa maji. Mmoja akamwita mwenzake kwa Kimeru. Kaari akaruka akakimbia, hata hakugeuka nyuma. Mikuki walikuwa nayo, lakini hawakuwahi kuiinua. Umemwokoa, Baba. Mkubwa anasema uje Krismasi, huenda tukamwona kwa mbali.

Mwanao,
Makandi

Kanyakine, 13 Novemba 1983

Makandi,

Salamu kwa wote hapo kituoni, hata Nthiga.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaenda shambani nikarudi nikaisoma tena. Namshukuru Mungu. Nina furaha, na inaniuma, yote mawili. Krismasi njoo wewe nyumbani. Mimi huko siji, kwa sababu nikimwona najua nitamwita.

Wewe ukipita porini, ongea Kimeru kwa nguvu. Asikie, akimbie.

Baba yako