Ua Lisiloruhusiwa Kutoka Kaya

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Ua la jamii ya haradali ni lile lenye petali nne zilizokaa kwa umbo la msalaba. Hili nililolifuata Kwale huota kivulini tu, ndani ya kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Miti ya ukingoni imekatwa kwa makaa, jua limeingia, na umebaki mche mmoja wenye mbegu. Nilipoinama kuzichuma nikazioteshe mjini, Bi Mwanakombo, mlinzi wa msitu, alinizuia.

“Profesa, humu hakitoki hata kijiti.”

“Mche huu utakufa, Bi.”

“Na ufe kwao. Ama wataka ukafie mjini?”

Niliondoka mikono mitupu. Mola akuhifadhi, Shangazi, na magoti yako yapate nafuu. Nakuuliza: mwiko ulioulinda msitu, msitu ukishakwisha, unalinda nini?