Chupa Namba Thelathini na Moja

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
9 Machi

Mpendwa Dada yangu,

Hujambo wewe na shemeji? Kile kifua kimepona? Sisi huku wazima wa kutembea, na Kibonge wangu, miezi mitano sasa, anacheka mpaka na ukuta. Natamani ningeishia hapo.

Dada, bado naosha vyombo vya kioo pale maabara wanapopima maji na udongo. Tangu shamba la juu yetu waanze kupuliza dawa ya wadudu, vyura wa kisimani kwetu wamenyamaza. Nikaona nipeleke maji yapimwe. Nikachukua chupa ya jemu, nikaisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Mpimaji, tunamwita Miwani, akainusa. "We mama, umeniletea maji ya kisima au ya kufulia?" Kumbe chupa husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yanayopimwa! Tulicheka sana. Akanipa nyingine safi.

Nilipoirudisha, mapokezi wakaibandika namba tu, kama kawaida yao, mpimaji asijue ni ya nani. Thelathini na moja.

Jana niko kwenye sinki nikamsikia Miwani: "Jamani, thelathini na moja! Dawa imezidi mara tisa! Hawa wanaokunywa haya bado wako hai?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikasema, "Tupo."

Akavua miwani, akaniuliza polepole kama nanyonyesha.

Mama mkwe nimemkataza kuchota. Anasema maji matamu, hayana hata harufu, eti nimekuwa mwoga tangu nizae. Leo asubuhi nimekuta amejaza pipa. Nimelimwaga lote, hatusemeshani.

Miwani anasema huenda maziwa yangu ni salama, na moyo wangu unaniambia hivyohivyo. Ila amenipa chupa nyingine, ndogo. Kesho naipeleka na maziwa yangu ndani. Majibu ni baada ya siku tatu.

Dada, na wewe unanyonyesha. Yakija mabaya, utampokea Kibonge? Nijibu upesi. Hapendi kufunikwa miguu.

Nisalimie shemeji, na Kadogo wako umbusu mashavu yote mawili. Mungu awatangulie kwa kila mnachokula na kunywa.

Naachia hapa. Ameamka, anataka kunyonya, na mimi nimekaa namtazama tu.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,
Mama Kibonge