Beberu Wangu Ameliwa na Afya Njema

Mama Odilia, shikamoo. Naomba unisaidie, maana mke wangu ameninunia na mimi mwenyewe nimejifunga kwa mdomo wangu. Mimi ni mfugaji, naishi upande wa Mikumi na mke wangu Naishorua na watoto wetu wanne, na mwaka jana mnadani alikuja bwana mmoja kutoka wilayani Kilosa akatueleza habari za mfuko wa afya, kwamba kaya ikichangia mara moja inapewa kadi na kutibiwa mwaka mzima, na kile unachotoa wewe serikali nayo inaongeza kingine kama hicho, wanaita tele kwa tele, nami niliposikia serikali inaongeza sikusubiri amalize, nikauza beberu wangu mweupe palepale nikachangia, na jirani yangu Mwinshehe, mkulima wa mpunga, akachangia siku hiyohiyo.

Basi mama, tangu nipate ile kadi nyumba yangu ikapata afya ya ajabu. Mvua zikaja, mbu wakaja, watoto wakacheza madimbwini, hakuna aliyeumwa hata jino! Kwa Mwinshehe ilikuwa leo malaria, kesho tumbo, keshokutwa sikio, mpaka manesi wanawajua watoto wake kwa majina, na kila nikimwona anapita na baiskeli yake akitoka kuchukua dawa nasema moyoni, yule anatafuna beberu wangu.

Kadi ilipokaribia kuisha nikaona siwezi kukubali hasara hiyo, nikaichukua familia yote kwenda kituo cha afya kuimaliza, na njiani nikawagawia magonjwa, huyu kifua, yule mgongo, Naishorua nikampa kizunguzungu akakataa, akasema yeye haigizi ugonjwa kwa ajili ya mbuzi. Tulipofika, mtoto wa mwisho akaniuliza kwa sauti, "Baba, mimi naumwa nini?" Nesi Domina akacheka sana, akawapima wote akawakuta wazima, kisha akanifunga mkono mimi kwa ile mashine ya presha, akaacha kucheka. Akapima tena. Akasema, "Baba, mgonjwa hapa ni wewe." Presha iko juu mno, nimeze vidonge na nirudi kila mwezi.

Sasa shida ni kwamba nilishaapa mnadani mbele ya watu, Mwinshehe akiwepo, kuwa sitoi mbuzi wa pili kulisha magonjwa ya wenzangu. Kadi imeisha, vidonge vinakaribia kuisha. Nilimwambia Naishorua labda presha itaondoka yenyewe, akanijibu, "Ukianguka zizini nimwite nani, beberu?" na tangu hapo hasemi na mimi. Nisikufiche mama, naogopa kufa watoto wakiwa bado wadogo, lakini kicheko cha Mwinshehe nacho nakiogopa. Je, haiwezekani safari hii serikali iongeze cha kwake bila mimi kutoa changu?

Lenku, Mikumi

Marahaba, Lenku. Nimecheka mpaka miwani ikaanguka, halafu nikafika kwenye presha nikaiokota.

Haiwezekani. Serikali inaongeza, haianzishi. Ukienda mkono mtupu itakuongezea mkono mtupu mwingine. Na hicho kinachoongezwa hupewi wewe mkononi, kinaingia kwenye mfuko, ndiyo maana beberu mmoja alitosha watu sita mwaka mzima. Bila hicho ungeuza wawili, na kwa ninavyokuona ungeugua kwa uchungu wa yule wa pili.

Hebu nikuulize jambo unalolijua kuliko mimi. Ninyi wafugaji si huwa mnamwachia rafiki wa mbali ndama amtunze, ili ukame au ugonjwa ukipiga kwako usibaki na fimbo tu? Mwaka mvua zikinyesha vizuri, unamfuata rafiki yako kumdai ukame? Unawafundisha ng'ombe wako kukonda ili safari isiwe ya bure? Basi kadi ndiyo hiyohiyo. Na Mwinshehe hakula mbuzi wako. Alikuwa anauguza watoto, na ningekuwa yeye ningebadilishana na wewe mara moja. Mtu mzima unamwonea mwenzako wivu wa malaria! Aibu, baba.

Lakini hofu yako ya kuwaacha watoto ni ya kweli, na hiyo sikutanii. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Kwa hiyo usisubiri mnada kama vidonge vinaisha, nenda kituoni kachukue vingine hata kwa kulipia. Mnada ukifika, uza beberu, uchangie mchana kweupe, watu wakuone. Ulijifunga kwa mdomo mbele yao, jifungue kwa mdomo huohuo. Kisha mwombe Naishorua msamaha kabla hujakaa chini.

Mwinshehe atacheka, ndiyo. Mwache acheke, mwaka huu anakuchangia vidonge. Na hiyo kadi mpya mpe mkeo aitunze, wewe tumeshaona unavyopenda kuimaliza.